Ukurasa wa Nyangate

Jarida la Ukingo lilizaliwa bila ofisi, bila mtaji na, tusidanganyane, bila akili nyingi. Lilizaliwa nyuma ya duka la vitambaa la mzee Sadiq mjini Kisii, katikati ya majora ya sare za shule, kwenye mashine ya kutoa nakala iliyokuwa ikipiga chafya kabla ya kila karatasi. Ulikuwa mwaka uliofuata fujo za uchaguzi. Watu walikuwa wangali wanasalimiana huku wakipimana kwa macho, na kila kona ya mji ilikuwa na uvumi wake uliopikwa ukaiva. Vijana watatu wakaona kwamba dawa ya uvumi ni kuandika. Ndivyo ujana ulivyo: mtu mzima akiona moto hutafuta maji, kijana hutafuta kalamu.

Wa kwanza alikuwa Ruqiya, binti ya mzee Sadiq, Msomali mzaliwa wa Kisii, mwenye shahada mpya na kazi hana. Wa pili alikuwa Fred Ombok, mpiga picha za harusi. Kwao ni upande wa ziwani, lakini alikuwa ameizoea baridi ya Kisii na ndizi zake hata akasahau samaki. Angalau ndivyo alivyowaambia wenyeji. Wa tatu alikuwa Nyangate wa Birongo, wakili mchanga mwenye suti moja na maneno ya kujaza suti kumi. Ni yeye aliyelipa jarida jina. Alisema ukisimama juu ya ukingo wa Manga unaiona Kisii huku na Nyamira kule, basi na wao wataona pande zote; hawatakuwa wa ukoo, wala wa chama, wala wa dini.

"Anayesimama ukingoni ndiye wa kwanza kuanguka," mzee Sadiq alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi wake.

Wakacheka. Kisha wakaanza kuanguka.

Toleo la kwanza tu lilimwandika chifu mmoja kwamba ameuza miti ya shule. Chifu hakuja na askari. Alikuja na mkewe, kaka zake na shangazi mwenye mkongojo, wakaketi juu ya majora ya mzee Sadiq kama waliokuja kuposa. "Haya, nisomeeni," akasema. "Nasikia nimo humu." Wakamsomea. Kila aya alikuwa na la kujibu, na aibu ni kwamba nusu ya majibu yake yalikuwa ya kweli. Miti iliuzwa, ndiyo, lakini paa la darasa lililotokana nayo lilikuwepo, linang'aa, na hakuna aliyepanda kilima kwenda kulitazama. "Mngenijia kwanza," chifu akasema akiinuka, "mngepata na nusu iliyobaki."

Baada ya hapo Nyangate ndiye aliyeandika kanuni, kwa kalamu nyekundu, wakaibandika ukutani. Usimwandike mtu ambaye hujamketia mkazungumza. Msomee usoni. Akijibu, mpe ukurasa mzima, wala usiguse neno lake. Asipotaka kujibu, aseme hivyo kwa kinywa chake mwenyewe. Ukurasa huo wakauita Kiti, na tangu siku hiyo hakuna toleo la Ukingo lililotoka huku Kiti kikiwa kitupu bila mwenyewe kusema "sijibu".

Kanuni ya pili haikuandikwa. Tumbo ndilo lililoifundisha. Katika boma la Mkisii, ukishanawa mikono na kukimega chakula cha mtu, huwezi tena kumfungulia kinywa cha ugomvi papo hapo. Ukifanya hivyo, hata aliyekukosea anageuka kuwa ndiye aliyekosewa. Kwa hiyo watu wa Ukingo wakijua kwamba wanampelekea mtu habari chungu, walisoma kwanza, wakala baadaye. Na mara nyingi baada ya kusoma hakukuwa na chakula. Fred alikuwa akisema kazi hii ni ya watu wembamba.

Miaka ikaenda. Waliokuwa wakitangaza biashara zao humo wakatishwa na wakubwa, wakakimbia. Jarida lilikosa karatasi, likatoka kwa kurasa nne. Likasifiwa na waliokuwa nje ya serikali, na walipoingia serikalini wakaliita takataka. Wachoma mahindi walilipenda sana, kwa sababu zao. Serikali za kaunti zilipokuja, likawa na wakubwa wengi zaidi wa kuwaketia, na wakati wa korona likaishi ndani ya simu za watu kama popo darini. Halikufa. Mzee Sadiq alikufa, Mungu amrehemu, duka likauzwa, wakahamia chumba juu ya kinyozi. Nyangate naye akaondoka kwa amani, akaingia siasa, akanunua suti zile kumi. Waliagana kwa kukumbatiana. Alipopigwa na polisi kwenye maandamano, Ukingo ndilo lililochapa picha yake akiwa na damu usoni, na picha hiyo, hata leo, iko kwenye mabango yake.

Na sasa Ruqiya, mhariri, mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia kifuani na mvi zinazochungulia chini ya mtandio, alikuwa na makala ya kumsomea Nyangate.

Makala yenyewe haikuwa ngumu. Nyangate alikuwa akiunda chama cha kuunganisha Kisii na Nyamira, na Jumamosi wajumbe wangekutana mjini kumchagua kiongozi. Yeye alikuwa mbele ya wote. Wakati wa mfungo wa Ramadhani alikaribishwa futari na wafanyabiashara Waislamu wa mjini, Ruqiya alikuwepo, akamsikia akisema kwa Kiswahili kitamu kama tende, "Mji huu ni wenu kama ulivyo wangu. Atakayewagusa atanigusa mimi kwanza." Wiki chache baadaye, Fred akarekodi kwa simu mkutano wake wa Nyamira. Huko Nyangate alisema kwa Kikisii kwamba chama kikishika hatamu, vibanda vya soko la mjini vitarudishwa kwa watoto wa nyumbani, na wageni watafute kwao. Ukingo liliweka maneno hayo mawili kando kwa kando, bila pilipili. Hayakuhitaji.

Kaka yake Ruqiya, Shueib, alikuwa na kibanda cha nguo kuukuu sokoni Daraja Mbili. Kwa hiyo hili halikuwa jambo la mbali.

"Mchape tu," Shueib alisema. "Huyo hakutubishia hodi kabla ya kututukana."

"Nitamketia kwanza," Ruqiya akajibu.

Basi wakaenda Birongo, yeye na Fred, kwa ile probox ya Fred ambayo mlango wake mmoja hufunguliwa kwa kuombwa. Nyangate aliwapokea uani kwa mikono miwili, akicheka kicheko chake cha zamani. "Wazee wa Ukingo! Karibuni nyumbani kabla sijawashtaki!" Kabla hawajakaa vizuri, mama yake, Mokeira, akatokea na birika la maji ya kunawa.

Ruqiya aliliona birika akajua huo ni mtego. "Mama, tuna neno dogo tu na mheshimiwa, halafu…"

"Neno litakula wapi?" mama akauliza. "Nimemchinjisha kuku huyu kwa fundi wa msikitini, nikampigia simu aje mpaka hapa, ili mwanangu wewe usiniambie umeshiba. Unataka niwaambie nini majirani?"

Sasa, niambie nani angekataa. Mwanamke wa umri huo amekuitia mchinjaji wa dini yako, amesimama na maji ya uvuguvugu na taulo begani. Ruqiya akanawa. Fred, ambaye hakuwa amekunywa hata chai, alinawa kwa haraka ya aibu. Wakala ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga, chungu, iliyotulizwa kwa maziwa, na kuku ambaye, kwa bahati mbaya, alikuwa mtamu. Nyangate aliwaongezea mchuzi yeye mwenyewe. Yeye ndiye aliyeandika kanuni ya kwanza, na hiyo ya pili aliijua kuliko wote.

Baada ya kula Ruqiya alitoa karatasi. Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtu anayesoma risala mbele ya wakwe. Lakini aliisoma yote, ya futari na ya Nyamira, na Mokeira akisikiliza mlangoni. Alipomaliza, Mokeira aliingia mpaka mezani.

"Mmekula?" mama akauliza.

"Tumekula, mama. Asante."

"Na mifupa ya kuku wangu iko hapo mezani, na wewe unamsomea mwanangu hayo?" Akatikisa kichwa, akabeba sahani, akaondoka.

Nyangate hakukasirika. Hilo ndilo lililomtia Ruqiya baridi. Aliegemea kiti, akatabasamu. "Mmenisomea vizuri. Nina haki ya Kiti, sivyo?"

"Unayo. Kurasa zinakwenda kwa mchapaji Alhamisi jioni, ili gazeti liwe mkononi mwa watu kabla ya mkutano wenu."

"Nitajibu," akasema Nyangate.

Na hapo ndipo alipowafunga. Kwani hakusema hatajibu. Jumatatu Ruqiya alipopiga simu, alikuwa akiandaa jibu. Jumanne alikuwa akilipitia na wakili wake. Jumatano alikuwa mkutanoni, na aliyepokea simu akasema kwa adabu nyingi kwamba mheshimiwa lazima atajibu, tena kwa kirefu, labda wiki ijayo. Wiki ijayo! Wajumbe watakuwa wamekwisha kumchagua, wamecheza na kurudi makwao. Kanuni iliyotengenezwa kuwalinda watu na Ukingo sasa ilikuwa inamlinda Nyangate na watu.

Habari ya kuku nayo ilikuwa imefika mjini kabla ya probox. Ruqiya hakuweza kununua hata vitunguu kwa amani. "Mhariri, kuku alikuwaje?" wauza mboga waliuliza. Kinyozi wa chini akamwimbia ngazini. Hata imamu, mtu mpole, alimuuliza kama ni kweli kwamba alikula kwa mtu, akapangusa midomo, akamtukana mwenye nyumba.

"Nilikula, sheikh," alisema Ruqiya. "Ila sikupangusa midomo. Taulo lilichukuliwa haraka."

Jumatano hiyo jioni, jua likiwa bado kwenye mabati ya stendi, walikaa watatu katika chumba juu ya kinyozi: Ruqiya, Fred, na Shueib aliyekuja na hasira yake ya kibanda.

"Andika 'amekataa kujibu', yaishe," Fred alisema. Alikuwa amepanga kurasa zote. Moja tu ilikuwa nyeupe kwenye kompyuta, inawatazama. "Amekataa, bwana. Kukataa kwa kucheka ni kukataa."

"Hajasema."

"Ruqiya, mimi na wewe tumezeeka humu ndani. Tuliwahi kuketia majambazi. Huyu anatuchezea kwa kitabu chetu wenyewe."

"Najua."

"Basi kivunje mara moja hii!" Shueib akadakia. "Ni maisha yetu, dada. Jumamosi wakimpa chama, Jumatatu vijana wake watakuja kupima vibanda kwa kamba. Wewe utakuwa hapa unasubiri barua?"

Ruqiya alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio ingawa haikuwa na vumbi. Alimpenda kaka yake. Alijua pia kwamba anasema kweli kuhusu kamba. "Nikiivunja kwa huyu kwa sababu ametuumiza sisi," akasema, "watu wa Kebirigo, kule Nyamira, watasema nini? Watasema, mnaona, hilo ni gazeti la Wasomali wa mjini, miaka yote hii lilikuwa likijifanya. Na watakuwa na haki. Hilo gazeti halitakuwa na kazi tena, Shueib. Hata kukutetea wewe halitaweza, maana nani atalisadiki?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jibu nitalifuata mwenyewe. Kesho ni siku ya soko Kebirigo, na bango lake linasema atakuwepo. Alisema atajibu, sikumwambia ajibu kwa barua."

Fred akamtazama, akatazama ukurasa mweupe, akatafuta funguo za gari. "Nitajaza mafuta," akasema. "Na safari hii tunakula kabla ya kutoka."

Kebirigo asubuhi ile ilikuwa imejaa hadi barabarani: mikungu ya ndizi imelazwa kama watoto, magunia ya mboga, boda boda zikipenya kama sindano. Nyangate alikuwa amesimama nyuma ya pikapu yenye spika mbili kubwa, amefunga leso ya rangi ya chama shingoni. Alikuwa anachekesha watu, na alikuwa hodari. Ruqiya alisukumana mpaka mbele akainua mkono, akauacha juu. Mwanamke mwenye mtandio katikati ya soko la Kebirigo haonekani kidogo.

Nyangate alimwona. Ungedhani angemkwepa; lakini mwanasiasa aliyezoea kushangiliwa huwa haachi mzaha uende bure. "Watu wangu!" akasema kwenye spika. "Mnamjua huyu? Ni Ruqiya wa gazeti. Majuzi alikuwa kwangu Birongo. Alikula kuku wa mama yangu, akamaliza mpaka shingo, halafu akanitukana!"

Soko lote likacheka. Mtu mmoja akapiga mluzi.

"Nilikula!" Ruqiya akajibu kwa Kikisii, kwa sauti ya mtu aliyekulia kwenye foleni za maji za Kisii. "Kuku alikuwa mtamu, na mama yako anapika kuliko wewe unavyosema. Shingo alikula Fred. Sasa jibu swali langu."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na hakikuwa cha Nyangate.

"Rudi kwenu!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka juu ya magunia.

"Kwetu ni Daraja Mbili," Ruqiya akamgeukia. "Nirudi kwa boda au kwa miguu? Kama ni kwa boda, nilipie."

Mwenzake kijana huyo akampiga kofi la mgongo. Mama mmoja muuza ndizi akainua kidole kwa Nyangate. "Muache aulize. Ni mwanamke, hatakuuma."

Ruqiya akauliza, taratibu, kwa Kikisii, ili kila mtu apate. Kwamba mjini, kwenye futari, alisema mji ni wao kama ulivyo wake. Kwamba Nyamira alisema vibanda vitarudishwa na wageni watafute kwao. "Lipi ni lako? Ukurasa wako upo, ni mweupe, unakusubiri. Utajibu, au unasema hujibu?"

Fred alikuwa amesimama kando yake, simu juu, akirekodi bila kujificha.

Hapo Nyangate angeweza kusema "sijibu", na mambo yakaishia hapo. Angeweza hata kusema kwamba alikosea. Ruqiya alimwona akiwaza. Uso ule aliufahamu tangu enzi za suti moja. Lakini watu walikuwa wamenyamaza wanamsubiri, na ukimya wa umati ni njaa; anayesimama juu ya pikapu hawezi kuuacha bila kuulisha.

"Najibu!" akasema. "Andika! Mimi ni mtoto wa nyumbani na nitasema mambo ya nyumbani. Niliyosema Nyamira ndiyo yangu. Vibanda vya mji vitarudi kwa wenyewe, kimoja baada ya kingine. Mgeni ni mgeni hata akizaliwa hapa. Huko mjini nilikwenda kula, na mtu akialikwa kula husema maneno ya mezani. Hayo ni ya mezani! Haya ndiyo ya moyoni!"

Wakashangilia. Si wote, na hilo Ruqiya alilitia akilini kwa uaminifu, lakini walikuwa wengi, na makofi yao yalimpiga usoni. Mgeni ni mgeni hata akizaliwa hapa. Aliwatazama watu ambao alikuwa ameandika habari za maji yao, za barabara yao, za zahanati yao isiyo na dawa, wakipiga vigelegele. Kisha akamwinulia Nyangate kidole gumba, kama fundi aliyeletewa kipimo alichoomba, akageuka.

Kwenye gari Fred hakuwasha injini mara moja. "Pole," akasema.

"Tumepata jibu," Ruqiya akasema. "Twende, mchapaji hasubiri."

Alilichapa jibu lile neno kwa neno, safu moja kwa Kikisii na safu ya pili kwa Kiswahili. Akalisikiliza tena na tena kutoka kwenye simu ya Fred. Palipokuwa na makofi akaandika kwamba watu walipiga makofi, na palipokuwa na walionyamaza akaandika kwamba wengine walinyamaza. Jibu likazidi ukurasa kwa aya nzima. Fred akapendekeza kupunguza herufi. Ruqiya akafungua tahariri yake mwenyewe, ile aliyoihangaikia wiki nzima, yenye maneno mazuri juu ya uhuru na ujirani, akaikata kichwa na miguu ili Nyangate aenee.

Shueib alikuwa amesimama nyuma yake. Alisoma mpaka mstari wa mgeni ni mgeni, akashika ukingo wa meza. "Hili utalitoa? Sisi wenyewe ndio tulipeperushe?"

"Lote."

"Baba angekuwa hai…"

"Baba angeuliza kama nimelipima sawasawa. Kaa, Shueib, au nenda, lakini usinisomee begani."

Akaenda. Mlango ulijifunga kwa nguvu mpaka kinyozi wa chini akauliza kama kuko salama.

Sasa ilibaki kumsomea mwenyewe. Kanuni ni kanuni, na Ruqiya alikuwa ametafsiri maneno ya mtu. Sharti mwenye maneno ayasikie. Akapiga simu. Safari hii Nyangate alipokea yeye mwenyewe, sauti ya mtu aliyeshinda siku. "Ruqiya! Hukukasirika?"

"Nataka kukusomea jibu lako." Akamsomea, kwa Kiswahili, polepole, kutoka mtoto wa nyumbani hadi maneno ya mezani.

"Sikusema hivyo," Nyangate akasema.

"Umesema. Fred anayo sauti yako, na ya spika zote mbili."

"Nilisema kwa Kikisii."

"Na kwa Kikisii limo, hapo pembeni. Kuna neno nimelitafsiri vibaya? Niambie nilirekebishe sasa hivi."

Ruqiya alimsubiri kwa haki kabisa, kalamu mkononi.

"Hapana," akasema hatimaye. "Hukukosea. Ila kwa Kiswahili linasikika… Ruqiya, nusu ya wajumbe wa Jumamosi ni watu wa mjini. Kuna wenye maduka. Kuna wazee wa msikiti. Haya niliyasema kwa ajili ya Kebirigo."

"Najua. Makala yenyewe inasema hivyo hivyo."

"Toa ule mstari wa mezani. Mmoja tu. Tumeanza wote gazeti hili, wewe unajua. Na ulikula kwangu."

"Ndiyo maana nakusomea," Ruqiya akasema, na hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Nyangate, sikiliza. Kama umebadili nia, sema kwamba umebadili nia, nami nitaliandika hilo chini ya haya, kwa herufi zilezile. Nitakata tahariri yangu tena. Imebaki vidole lakini itatosha. La kuongeza, nafasi ipo. La kupunguza, hapana."

Mahali fulani nyuma ya Nyangate watu walikuwa wanaimba jina lake kwa wimbo wa chama. "Nipe nusu saa," Nyangate akasema.

Ruqiya akampa. Alikaa mbele ya ukurasa, na Fred akakaa pembeni. Simu haikulia. Nusu saa ilipopita akampigia. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Basi akaweka mkono kwenye kipanya, akasoma ukurasa wote kwa mara ya mwisho, neno kwa neno, kama unavyosoma mkataba wa mtu usiyempenda, akautuma kwa mchapaji.

Ijumaa asubuhi vifurushi vilifika vikinuka wino. Vingine vilipakiwa kwenye magari ya kwenda Nyamira na Keroka. Kebirigo Fred alipeleka mwenyewe, kwa makusudi, mara mbili ya idadi ya kawaida. Ruqiya alijitwika kifurushi kimoja hadi Daraja Mbili. Alitarajia kwamba Shueib angemgeuzia mgongo, na alikuwa amejiandaa kuuza akiwa amesimama barabarani.

Shueib alikuwa ananyoosha mashati. Alipokea nakala bila kusalimia, akaifungua moja kwa moja kwenye Kiti, akasoma safu ya Kiswahili, kisha ile ya Kikisii midomo ikichezacheza. Alisoma polepole mno. Mteja aliuliza bei ya koti akaachwa bila jibu.

"Ameyasema mwenyewe," Shueib akasema.

"Mwenyewe."

"Hakuna atakayesema ni wewe."

"Watasema. Lakini itawabidi wasome kwanza."

Shueib akaichukua nakala ile, akaitundika kwenye kamba ya mbele ya kibanda, kati ya gauni la maua na suruali ya jinzi, imefunguliwa ukurasa wa Nyangate, akaibana kwa vibanio viwili ili upepo usiicheze. Mzee mmoja mwenye kofia ya chama, leso ileile shingoni, alikuwa anapita. Akasimama, akasogeza macho, akaanza kusoma. Nyuma yake akasimama mwingine.

"Nipe kifurushi chote," Shueib akamwambia dada yake huku akiondoa shati jingine kwenye kiango. "Na usimame kando kidogo, unawazuia watu kuona."